Punda aliyesusa chakula hasubiri kesho

Huku nyanda za juu kusini farasi ni wachache. Anayebeba maji Isimani na magunia ya mpunga Usangu ni punda. Basi maswali mengi ya wafugaji ninayojibu hapa yanamhusu yeye.

Swali: Punda wangu jike ni mnene, ana mimba, na hajala tangu jana. Nisubiri kesho?

Jibu: Usisubiri. Mpigie daktari wa mifugo leo hii. Punda asipokula, mwili huanza kuchota akiba yake ya mafuta na kuyamwaga kwenye damu mengi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ini hujaa mafuta, hamu ya kula inazidi kupotea, na hapo mafuta zaidi yanatoka. Damu yake ikiachwa itulie kwenye chupa, maji yanayobaki juu huwa meupe kama maziwa. Wengi wanaofikia hatua hiyo hufa.

Walio hatarini zaidi ni wanene, wenye mimba, wanaonyonyesha, waliotoka safari ndefu, na waliotenganishwa na wenzao. Punda hushikamana wawili wawili; ukiuza mmoja, anayebaki anaweza kususa. Tena punda ni mjanja wa kuficha maumivu: atainamisha kichwa kwenye majani kana kwamba anakula. Sogea karibu uone kama anatafuna na kumeza kweli. Daktari akiwa njiani, mbembeleze kwa majani mabichi au ndizi, na mwenzake asiondolewe.

Swali: Kwa hiyo nimfungie bila chakula apungue unene?

Jibu: Ukifanya hivyo utamletea ugonjwa huohuo. Ondoa pumba za mahindi kidogo kidogo, abaki na majani makavu. Punda wa kilo 150 hutosheka na kilo 2 hadi 3 za majani hayo kwa siku. Tumezoea kumsifia punda mnene, mimi simsifii.

Swali: Mvua zikianza anatembea kwa shida, kama anakanyaga miiba.

Jibu: Shika kwato za mbele uone kama zina joto. Je, anaegemea nyuma na kukataa kugeuka? Majani machanga na pumba vina wanga na sukari nyingi. Kwa punda mnene insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, hupanda sana, na nyama laini inayoshikilia mfupa ndani ya ukwato huharibika. Mtoe malishoni, mpe mahali pakavu penye nyasi za kulalia, usimbebeshe chochote, umwite daktari.

Swali: Ugonjwa huu wa kwato ni wa kurithi?

Jibu: Wepesi wa kunenepa hurithiwa, ila ugonjwa huletwa zaidi na malisho. Kuna magonjwa ya kurithi hasa, kama ule wa farasi wa Kimarekani aina ya Quarter Horse, uliotokana na dume aitwaye Impressive, aliyezaliwa 1969. Madini ya potasiamu hupanda kwenye damu, misuli inatetemeka, wengine huanguka. Mzazi mmoja mwenye nakala moja ya kinasaba chenye kasoro hiyo anatosha: kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Wafugaji wao hupima vinasaba kwa nywele zenye mizizi kabla ya kupandisha, na farasi mwenye kasoro hapewi molasi, maana ina potasiamu nyingi.