Hunger Games si stori ya watoto kuuana tu

Shemeji yangu wa Kondele aliniona na kitabu cha Hunger Games nilichonunua mitumba akacheka, aah, si ni zile za watoto kuuana na msichana anapendwa na vijana wawili? Wengi husema hivyo, sanasana wale hawajasoma. Mapenzi yamo, sikatai, lakini si hayo yanakuweka macho mpaka saa nane usiku.

Angalia tu ile kura ya kuchagua watoto watakaopelekwa kuuana. Ukifika miaka 12 jina lako linaingia, na kila mwaka linaongezeka, sasa kama kwenu hakuna chakula unaruhusiwa kuliongeza tena upewe nafaka na mafuta, kidogo tu, ya mtu mmoja ya mwaka mzima. Katniss, huyo msichana mwenyewe, ana miaka 16 na lake limeingia mara 20, rafiki yake Gale mara 42! Yaani njaa yenyewe ndio inakusukuma ukachaguliwe. Mtu ameona foleni ya unga wakati wa kampeni hawezi kuniambia hiyo ni stori ya mbali.

Mwandishi Suzanne Collins alisema wazo lilimjia akibadilisha chaneli za TV, huku shindano, huku vita vya Iraki.

Shemeji alinyamaza. Kitabu sasa kiko kwake na hajarudisha.