Baba alikuwa na sauti nyumbani, lakini kesi ilikuwa langoni

Kumbukumbu la Torati 21:18–21 ni aya nne ambazo wahubiri wengi huzipita mbiombio. Zinasema mtu akiwa na mwana mkaidi, anayekanywa lakini hasikii, baba na mama yake wamkamate wampeleke langoni kwa wazee wa mji, waseme mbele yao kwamba huyu mwana wetu ametushinda, ni mlafi na mlevi. Kisha wanaume wa mji wampige mawe mpaka afe. Wasioipenda Biblia huzitaja aya hizi kuonyesha ukatili wake. Wanaoipenda nao, nimewasikia wakimtishia nazo mtoto wa darasa la tano aliyekataa kuosha vyombo. Nafundisha Agano la Kale, na naona pande zote mbili zinaisoma sheria hii kichwa chini. Haikumpa baba uwezo wa kumuua mwanawe. Ilimnyang'anya.

Ili kuliona hilo, tuanze na hali ilivyokuwa katika masimulizi ambayo sheria hiyo haimo. Soma Mwanzo 38. Tamari amefiwa na waume wawili, wote wana wa Yuda, na mkwewe amemrudisha kwao akangoje mtoto wa tatu akue. Miezi inapita, Yuda anaambiwa kwamba mkwe wake ana mimba ya uzinzi. Anajibu papo hapo: mtoeni nje, achomwe moto. Hakuna shahidi aliyeitwa, hakuna mzee aliyeulizwa, na mwanamke mwenyewe yuko chini ya paa la baba yake mzazi, si la Yuda. Hata hivyo wanaanza kumtoa. Kilichomwokoa ni muhuri, kamba na fimbo alivyovishika kama rehani, vyote mali ya Yuda mwenyewe, ambaye ndiye aliyempa mimba.

Rubeni naye, katika Mwanzo 42, anamwambia Yakobo: nisipomrudisha Benyamini, waue wanangu wawili. Yakobo anakataa kumtoa Benyamini, lakini hamwambii Rubeni kwamba wanawe si mali ya kuwekwa dhamana. Msimulizi naye ananyamaza.

Hawa ni watu walioishi ndani ya kile Waebrania walichokiita nyumba ya baba: mzee, wake zake, wanawe na wake zao, wajukuu, watumwa, pamoja na mifugo. Vijiji vya Waisraeli wa mwanzo vilivyofukuliwa kwenye milima ya Efraimu, vya miaka ya 1200 KK hivi na baada yake, vilikuwa makundi madogo ya nyumba za mawe zilizobanana. Hapakuwa na mfalme wala askari. Shamba lilikuwa la ukoo, na mzee ndiye aliyepanga nani alime, nani achunge, nani aolewe wapi. Mamlaka yake yalitoka kwenye ghala na kwenye shamba kabla ya kutoka kwenye fimbo.

Na yalikuwa pia ngao. Watu husahau hilo. Gideoni anapobomoa madhabahu ya Baali usiku kule Ofra, wanaume wa mji wanamjua mhalifu mapema asubuhi, lakini hawaingii kumkamata. Wanaenda kwa Yoashi, baba yake: mtoe mwanao afe. Yoashi anakataa kata kata, anawaambia kama Baali ni mungu basi ajitetee mwenyewe. (Madhabahu yenyewe ilikuwa ya huyo huyo Yoashi. Mwanawe alimvunjia mali, na bado baba akasimama mlangoni kumkinga.) Mji mzima haukuwa na njia ya kumfikia kijana ila kwa kupitia kwa baba.

Sasa rudi kwenye ile sheria. Kitu cha kwanza inachofanya ni kuitoa kesi nyumbani na kuipeleka langoni. Lango la mji halikuwa mlango tu. Pale Tel Dan, kaskazini ya Israeli, wachimbaji walikuta benchi refu la mawe penye lango, na Gezeri nako vyumba vya lango vina mabenchi ukutani. Hapo wazee waliketi, mikataba ikafungwa, mashamba yakakombolewa. Boazi alimaliza shauri la Ruthu mahali kama hapo. Baba aliyefika na mwanawe langoni alikuwa amefika mbele ya watu wasio na hasira yake. Alishtaki tu, wala hakuhukumu. Na sheria haisemi kwamba ndiye arushe jiwe.

Kitu cha pili ni mama. Baba peke yake hawezi. Lazima wote wawili wamkamate, wote wawili waseme. Linganisha na sheria za Hamurabi wa Babeli, zilizochongwa miaka ya 1750 KK hivi kwenye jiwe ambalo leo liko Louvre, Paris: sheria ya 195 inasema mwana akimpiga baba yake akatwe mkono. Mama hatajwi. Kutoka 21 inataja baba na mama pamoja, kwa anayepiga na kwa anayelaani, na Mambo ya Walawi 19:3 inamtanguliza mama. Nisimwonee Hamurabi, lakini: sheria zake za 168 na 169 zinamkataza baba kumkana mwana bila kwenda kwa mahakimu, na hata kosa likiwa zito anatakiwa kumsamehe mara ya kwanza. Kumpunguzia baba nguvu halikuwa wazo la Israeli peke yake. Waliochelewa ni Warumi, ambao kwao baba alikuwa na haki ya kisheria juu ya uhai wa wanawe hata wakiwa watu wazima, na mwana hakuweza kumiliki mali yake mwenyewe maadamu baba yu hai.

Kisha angalia mashtaka: mlafi na mlevi. Huyu si mtoto wa darasa la tano. Ni mtu mwenye nguvu za kunywa divai na kula mali. Aya zinazotangulia, 15 hadi 17, zinahusu urithi: baba mwenye wake wawili asimnyime mzaliwa wa kwanza fungu lake maradufu kwa sababu tu mamake hapendwi. Kwa maoni yangu mpangilio huo si wa bahati. Sheria moja inamzuia baba kuuharibu urithi kwa upendeleo, inayofuata inashughulika na mwana anayeuteketeza kabla haujafika. Shamba likiliwa, nyumba nzima inalala njaa, wajukuu na vijakazi pia.

Hakuna mahali popote katika Biblia panaposimuliwa mwana aliyeuawa kwa sheria hii. Marabi wa Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, waliibana mpaka ikakosa pumzi: lazima awe ameiba kwa babaye, awe amekula nyama na kunywa divai ya kipimo fulani, na kama mmoja wa wazazi ni kiwete, kipofu, bubu au kiziwi, kesi imekwisha. Talmud, mjadala wa marabi wa baadaye juu ya Mishna, inafika mahali pa kudai kwamba baba na mama wafanane sauti, sura na kimo, kisha inatamka kwamba mwana wa namna hiyo hajawahi kuwapo wala hatakuwapo. Rabi Yonathani peke yake anapinga: mimi nilimwona, na nimekaa juu ya kaburi lake. Wanafunzi wangu hucheka hapo, nami huwaacha wacheke.

Kwa binti, hali ilikuwa nyingine, na hapa sina la kumtetea mtunga sheria. Baba aliweza kuifuta nadhiri ya binti yake siku aliyoisikia (Hesabu 30). Kijana akimlaghai bikira, mahari inakwenda kwa baba hata kama baba anakataa ndoa (Kutoka 22). Na Kutoka 21:7 inaanza kwa utulivu wa kutisha: mtu akimuuza binti yake awe kijakazi. Mtumwa wa kiume Mwebrania alitoka mwaka wa saba; binti huyu hakutoka hivyo. Sheria inamwekea mnunuzi mipaka, kwamba asimuuze kwa wageni, asimpunguzie chakula wala nguo akioa mwingine, na akishindwa amwache aende bure. Muuzaji hawekewi chochote. Mambo ya Walawi 19:29 inamkataza baba kumfanya binti yake kahaba, na hilo ndilo katazo la wazi nililoliona likimlenga yeye.

Raheli na Lea walilisema wenyewe, katika Mwanzo 31: baba yetu ametuuza, na fedha yetu ameila yote. Miaka 14 ya kazi ya Yakobo iliingia kwenye mfuko wa Labani.

Lakini mara nyingi aliyemlazimisha baba ni mdai. Katika 2 Wafalme 4 mjane anamlilia Elisha kwamba mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili, na hakuna anayeuliza kama ana haki. Katika Nehemia 5, karne ya tano KK, wazazi wa Yuda wameweka rehani mashamba ili wapate nafaka, wamekopa kulipa kodi ya mfalme wa Uajemi, na sasa wanawatoa wana na mabinti. Baadhi ya mabinti wameshakuwa watumwa, wanasema, na hatuna uwezo wa kuwakomboa kwa kuwa mashamba yetu yako mikononi mwa watu wengine. Nehemia anakasirika, anawakusanya wakubwa, anawataka warudishe siku hiyo hiyo mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na riba ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Wanakubali na kuapa. Wafafanuzi wengi huchukulia kwamba madeni yalipofutwa watoto nao walirudi, na huenda ni kweli, ila katika orodha ya vitu vya kurudishwa hawamo.