Mzee amekutwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa, tunaanzia wapi?

Familia inaingia na mzee wao, majibu yameonyesha saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa, na swali la kwanza mara nyingi halitoki kwa mzee, linatoka kwa mtoto wake: "Dokta, kwa umri huu kweli kuna haja ya kumsumbua na madawa?"

Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini mimi sianzi na mwaka wa kuzaliwa. Namwomba mzee ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku naangalia saa. Akifika sekunde 12 au akizidisha najua hatari ya kuanguka ipo na hilo linaingia kwenye uamuzi wa dawa. Nauliza kama amepungua kilo, anakula vipi, anameza dawa gani zingine na nani anamkumbusha. Yupo mzee wa miaka 82 anayetoka hapo vizuri kuliko wa 68 mwenye moyo mbovu na sukari isiyotulia.

Sasa matibabu. Saratani hii chakula chake ni testosteroni, yaani homoni ya kiume, na tangu daktari Charles Huggins alipoonyesha mwaka 1941 kwamba ukiikatia homoni hiyo inasinyaa, msingi haujabadilika. Kuna operesheni ya kutoa korodani, homoni inashuka haraka sana, au sindano za kila mwezi au kila miezi 3.

Hapa kwenye sindano naomba mnisikilize vizuri. Zile zinazotumika sana, kabla hazijazima homoni, zinaipandisha kwanza, wiki moja mbili hivi, ndipo inashuka. Kama saratani imekaa kwenye uti wa mgongo, hizo siku chache zinaweza kufanya uvimbe ubane neva na mzee aliyeingia anatembea akashindwa kusimama. Ndiyo maana tunatanguliza vidonge vya kuzuia, kama bikalutamaidi, na vinaendelea kwa wiki kadhaa baada ya sindano ya kwanza. Zipo pia sindano kama degareliksi ambazo hazina huko kupanda. Kwa hiyo kabla mzee hajachomwa, ulizeni: hii ni aina gani na vidonge vya kutangulia viko wapi?

Halafu kuna jambo ambalo familia hunivuta pembeni, "usimwambie hilo." Mzee mmoja alikaa kimya muda wote, mikono yote miwili juu ya fimbo, mwishoni akauliza kwa sauti ya chini, "Na mambo ya chumbani?" Watoto wakainamisha vichwa. Nikawaomba watoke kidogo, nikamweleza yeye mwenyewe: hamu na nguvu za kiume zitapungua sana au zitaisha, joto la ghafla litamjia hata usiku na jasho, misuli itanywea, mifupa itapungua uimara, sukari inaweza kupanda, na anaweza kuwa na huzuni asiyoijua chanzo chake. Akanyamaza, kisha akasema anataka mke wake naye ayasikie. Akaitwa, nikarudia yote. Mwili ni wake jamani, haiwezekani auziwe kitu kilichofungwa.

Mazoezi ya kuinuka na kukaa, kunyanyua vitu vyepesi, hayo nayaandika kabisa kama dawa. Vitamini D na kalisi tunaangalia kama anapata za kutosha.

Siku hizi kwa wengi sindano peke yake haitoshi, tunaongeza kitu cha pili. Abirateroni inamezwa tumbo likiwa tupu, pamoja na prednisoloni, na lazima presha, potasiamu na ini vifuatiliwe. Enzalutamaidi haihitaji prednisoloni ila inachosha na inaongeza kuanguka, na aliyewahi kupata degedege hatumpi hivi hivi. Kemo, yaani dawa kali ya kuua seli za saratani, kama dosetakseli, ni kwa mwenye nguvu za kuihimili. Na mzee dhaifu sana akibaki na sindano peke yake, msione tumemtelekeza, huo nao ni uamuzi wa kitabibu.

Mkienda nyumbani, PSA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, iacheni kliniki, nyie angalieni miguu. Ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, au mgongo ukianza maumivu mapya makali, msisubiri tarehe ya kadi. Mleteni saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku.