Rangi ya kifaranga: soma hii kabla hujaja kulalamika

Wadau wa kuku wa nyumbani, siku hizi kitengo chetu cha kusajili wauzaji wa vifaranga kinapokea malalamiko mengi mno ya vifaranga wanaouzwa kwa kuangalia rangi, mtu kauziwa "mitetea mitupu", kalisha miezi, halafu nusu wanaanza kuwika. Hatusemi wauzaji ni matapeli, wengi wana nia njema kabisa, ila wanazalisha kwa mazoea.

Kujua jinsia kwa rangi siku ya kwanza inawezekana, lakini kwa mseto maalumu na kwa kizazi kimoja tu. Jogoo ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) mbili za Z, tetea ana Z moja na W moja, na jeni (kipande cha urithi) ya manyoya ya mistari inakaa kwenye Z. Kwa hiyo tetea wa mistari anawapa hiyo jeni watoto wa kiume peke yao, binti anachukua W ya mama na Z ya baba, basi. Mpandishe tetea wa mistari wa Plymouth Rock na jogoo mwekundu wa Rhode Island Red, vifaranga wote wanatoka weusi, ila wa kiume ana doa jeupe kisogoni, ndo alama ya jeni ya mistari, na wa kike hana. Ukigeuza, jogoo ndo awe halisi wa mistari, wote wanatoka na doa na hapo hujui lolote.

Sasa watu wanachukua hao machotara wanawapandisha wao kwa wao na wanaendelea kuuza kwa kuangalia kisogo!! Kizazi cha pili doa wanalo nusu ya majogoo na nusu ya mitetea pia, halina maana tena. Tumeshasema hili mpaka tumechoka.

Wale kuku wa bluu, yaani wa kijivu cha bluu, nao. Bluu kwa bluu haitoi bluu tupu, kwa wastani robo weusi, nusu bluu, robo weupe wenye madoa. Ukitaka bluu wote chukua mweusi na huyo mweupe wa madoa, ambaye wengi wenu mnamchinja mkidhani kaharibika. Na ni wastani jamani, ukitotolesha wanne ukapata bluu mmoja hujaibiwa.

Halafu kuna kesi za weupe. Weupe upo wa aina mbili, unaotawala na unaojificha, ukizichanganya watoto wote weupe, lakini watoto hao wakipandishwa wao kwa wao, wajukuu 3 kati ya 16 wanaweza kutoka na rangi, na hapo ndo ugomvi na jirani unaanza, eti jogoo wake karuka ukuta. Inawezekana kweli karuka, sisi hatukatai, ndo maana kuna utaratibu. Tetea anahifadhi mbegu za jogoo mwilini wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo mtenge na jogoo yeyote wiki tatu nzima, ndipo umuingize jogoo unayemtaka, na mayai ya kutotolesha uanze kukusanya baada ya kama wiki moja, kila yai liandikwe tarehe na namba ya pete ya mguuni ya mama kwa penseli, sio kalamu ya wino.

Ukileta lalamiko tunataka namba za pete za wazazi wote wawili, tarehe ya kutotolewa, na picha ya kifaranga akiwa wa siku moja, ikionyesha kisogo. Picha ya kuku mkubwa haisaidii. Aliyesajiliwa kwetu akibainika kauza kizazi cha pili kwa madai ya jinsia, mara ya kwanza ni onyo la maandishi, mara ya pili anaondolewa kwenye orodha, na harudi mpaka kundi lake likaguliwe upya na wazazi wote wavishwe pete, gharama juu yake. Asiyesajiliwa hatuna la kumfanya, kwa hiyo uliza usajili kabla ya kutoa hela, sio baada.

Na kwa wanaouliza, hapana, manyoya meusi hayaleti mayai ya kahawia, rangi ya ganda ina jeni zake.