Fangasi ya mbu wa malaria: maswali mnayoniuliza, na homa mnayokaa nayo kwa nyumba

Mimi ni nesi kwa kliniki moja huku Eastlands, Nairobi. Tangu habari ya fangasi inayozuia malaria ianze kuzunguka kwa simu za watu, maswali hayaishi. Nimeyaweka hapa pamoja, na nimeongeza yale hamniulizi na mnafaa kuniuliza.

Sista, ni ukweli kuna fangasi inaishi ndani ya mbu?

Ni ukweli. Inaitwa Microsporidia MB. Watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu kiko hapa Kasarani, waliipata ndani ya mbu aina ya Anopheles arabiensis wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Scotland, wakatangaza 2020. Baadhi ya mbu hao walitoka pande za Ziwa Victoria. Inakaa kwa utumbo na kwa sehemu za uzazi za mbu, haimuui, wanaishi tu pamoja. Kilichowashangaza ni kwamba mbu waliokuwa na hiyo fangasi hawakupatikana na vimelea vya malaria.

Inaenea aje?

Mbu mama anaipitisha kwa mayai yake, na pia dume na jike wanapeana wakijamiiana. Na kwa vile dume haumi mtu, watafiti wanaangalia kama madume wenye fangasi wanaweza kuachiliwa wakaisambaze huko nje. Ni kazi nzuri sana na mimi najivunia inafanyiwa kwetu.

Nikiumwa na huyo mbu nitapata fangasi?

Hapana. Hii si ile ya vidole vya miguu wala ya mdomo wa mtoto. Ni ya mbu. Msinunue krimu wala vidonge vya fangasi juu ya mbu, pesa yenu mtapoteza bure.

Basi malaria imeisha, neti ni ya nini?

Hapa ndipo nakasirika kidogo, mnisamehe. HAIJAISHA. Kwa ule utafiti wa kwanza mbu wenye hiyo fangasi walikuwa wachache, kama asilimia 5 hivi. Hao wengine wote hawana kitu cha kuwazuia. Halafu fangasi ikiwa kwa mbu inazuia vimelea kwa mbu, haiji kwa damu yako kukutibu. Kama vimelea vimeshaingia mwilini mwako hakuna fangasi ya kukuokoa, kuna kupimwa na kuna dawa. Kukaa na homa leo ukitegemea huo utafiti ni kungojea mvua ya mwaka ujao izime moto uko jikoni saa hii.

Lakini sista, Nairobi si hakuna malaria?

Hii sentensi ndiyo inaniletea wagonjwa wakiwa wamebebwa. Ni kweli Nairobi malaria haisambai vile inasambaa Siaya, Busia, Homa Bay ama Kwale, na wale mbu wanakusumbua karibu na mtaro wa maji taka wengi si wa malaria. Lakini wewe si ulienda ocha? Ulienda matanga, ulienda Krismasi, mtoto alikaa kwa nyanyake likizo yote bila neti, mkarudi. Dalili kwa kawaida huanza siku 7 mpaka 30 baada ya kuumwa, kwa hivyo inakushika ukiwa kazini Industrial Area na safari umeshasahau, unasema ni baridi ya Nairobi, unameza Panadol, homa inashuka jioni na kesho inarudi na nguvu, siku tatu, siku nne, ndio unaletwa ukiwa unaongea vitu havieleweki.

Na usiniambie ulizaliwa kando ya ziwa kwa hivyo malaria inakuogopa. Ile kinga ulipata utotoni inashuka ukikaa mjini miaka mingi. Watoto waliozaliwa huku hawana hata hiyo kidogo.

Nikirudi ocha nipate homa, ningoje siku ngapi?

Usingoje. Siku hiyo hiyo uende upimwe.

Hata kama ni homa kidogo tu?

Hata kama ni kidogo. Siku hiyo hiyo. Malaria ya falciparum, ambayo ndiyo nyingi hapa Kenya, inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya saa 24. Ukifika tu kliniki, kabla hata uulizwe, sema: nilikuwa mahali fulani wiki fulani. Hayo maneno machache yanasaidia kuliko unavyofikiria, juu huku mjini daktari anaweza asifikirie malaria kama hujamwambia ulitoka wapi.

Nikinunua tu dawa kwa kemisti nimalize hiyo stori?

Bila kupimwa, hapana. Kipimo ni tone la damu kwa kidole na majibu yanatoka kama dakika 15 ama 20. Unaweza kumeza dawa ya malaria na kumbe ni nimonia, mtoto anaendelea kuzidiwa mkidhani mnamtibu. Na wale wanaopimwa wakapewa AL, vile vidonge vya malaria, wakameza siku moja wakasikia nafuu, zingine wakamwekea mtoto wa jirani, hiyo tabia iachwe. AL ni dozi 6 kwa siku 3: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Kula kitu kiko na mafuta ama unywe maziwa ndio dawa iingie vizuri. Mtoto akiitapika kabla nusu saa iishe, apewe tena.

Kipimo kimesema sina na bado naumwa?

Rudi. Vimelea vikiwa vichache vinaweza kukosekana mara ya kwanza, na pia kuna magonjwa mengine ya kutafutwa. Usiende nyumbani ukaamua mwenyewe eti ni typhoid.

Ni wakati gani nisiende kliniki ndogo, niende hospitali moja kwa moja?

Degedege, kuchanganyikiwa, kulala na kushindwa kuamshwa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mtoto kushindwa kunyonya ama kukaa. Hapo ni sindano ya artesunate hospitalini, si vidonge. Kama ni saa nane usiku, gonga kwa jirani mwenye gari, usisubiri kukuche.

Niko na mimba na naenda Bondo, kule Siaya, mwezi ujao, nifanye nini?

Pitia kliniki ya wajawazito kabla ya safari uwaambie unaenda wapi. Beba neti yenye dawa kwa begi lako, usitegemee utaipata huko, na ulale ndani yake kila usiku juu mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Ukisikia homa ukiwa huko, upimwe huko huko, usipande basi ya usiku ati utatibiwa Nairobi.