Savonlinna: tiketi moja, kulala mara tatu

Nina mgeni mmoja, kijana aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi wa Tanga, ambaye alifika kwenye daraja la ngome ya Olavinlinna saa saba mchana kavaa suti na tai. Watalii waliokuwa wakipita na kaptula zao walimtazama kama bwana harusi aliyepotea njia. Kosa lilikuwa langu. Ratiba niliyomwandikia ilisema "Opera, saa 1", nami nilikuwa na maana ya saa moja jioni. Yeye amekulia kwenye saa za Kizungu, akasoma moja ya mchana.

Tangu siku hiyo kila ratiba ninayotoa imeandikwa 19:00, hata kwa bibi ambaye hajawahi kuisoma saa hivyo. Kazi yangu ni kupanga safari fupi za utamaduni kwa Waswahili walioko Ulaya na ndugu zao wanaowatembelea, na swali ninaloulizwa sana kila mwaka unapoanza ni hili la Savonlinna: tamasha la opera la Finland linalofanyika ndani ya ngome hiyo ya zamani ya Olavinlinna, katikati ya maji. Wengi wanataka kulifunga kwenye siku moja na nusu. Mimi nawaambia wapunguze opera na waongeze siku za kulala.

Kwanza elewa saa zenyewe. Saa yetu imejengwa juu ya jua linalochomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Savonlinna iko karibu nyuzi 62 kaskazini. Mwanzoni mwa Julai jua linazama kama saa nne na nusu usiku, kama utakubali kuuita usiku, na linachomoza tena kabla ya saa kumi alfajiri. Katikati hapo giza halishiki. Shafaki haipotei kabisa, inahama tu kutoka magharibi kwenda mashariki huku umelala. Kwa wanaoswali hili si jambo la mapambo: huwezi kusubiri wekundu uondoke mbinguni ndipo uswali Isha, kwa hiyo chukua mapema ratiba inayofuatwa na misikiti ya Helsinki. Na kila mtu abebe kitambaa cha kufunga macho. Mapazia ya nyumba za wageni yana huruma yake, lakini si zote.

Tamasha huchukua takriban mwezi mmoja, Julai na mwanzoni mwa Agosti. Ukiniuliza wiki gani, nitasema ya mwisho ya Julai. Mwanzoni mwa mwezi unaingia ngomeni mchana kweupe na unatoka mchana kweupe, na mwanga unapenya hadi jukwaani hata mandhari ya huzuni inakuwa kama gwaride. Kuelekea Agosti, kitendo cha mwisho kinakuta giza linaanza kuingia lenyewe, wakati uleule ambapo opera nyingi huanza kuua watu wake.

Ngome ilianzishwa mwaka 1475 na Erik Axelsson Tott, bwana mwenye asili ya Denmark aliyekuwa akiitawala sehemu ile kwa niaba ya taji la Sweden. Aliijenga juu ya kisiwa cha mwamba katika mlango wa maji wa Kyrönsalmi, unaounganisha maziwa mawili, Haukivesi na Pihlajavesi. Mkondo pale una nguvu kiasi kwamba maji hayagandi kirahisi hata katika baridi kali, na kwa mlinzi wa ngome hiyo ilikuwa nusu ya ukuta. Adui aliyengojewa alikuwa Mrusi. Mwaka 1743 Mrusi akaipata, na mwaka 1809 akaipata Finland yote, mpaka ukahama, ngome ikabaki bila kazi. Kwa muda ikawa jela.

Msomaji aliyewahi kwenda Sauti za Busara pale Unguja ameshaanza kutabasamu. Ngome Kongwe nayo ilijengwa kwa vita, nayo ikapita kwenye ujela, na leo watu wanakwenda mle kila Februari kusikiliza muziki na mawimbi yako hatua chache tu. Ndiyo maana siwaelezi wageni wangu ngome yenye jukwaa ni kitu gani. Nawaeleza tofauti. Ngome Kongwe unasimama, unacheza, unatoka kununua mishikaki na kurudi. Olavinlinna kuna viti kama 2,200 chini ya turubai kubwa lililotandwa juu ya ua, na ukishakaa umekaa. Waimbaji wanaimba kwa sauti zao tupu bila maikrofoni, kuta za mawe ndizo zinazorudisha sauti, kwa hiyo hata karatasi ya peremende inasikika.

Aliyeanzisha haya yote ni mwanamke. Aino Ackté, soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) wa Kifini, alikuwa ameshaimba Paris na New York, na mwaka 1910 akaimba katika opera ya Salome jijini London. Mwaka 1907 alifika Olavinlinna kwenye mkutano wa wazalendo, akaziona zile kuta, na mwaka 1912 akafungua tamasha la kwanza. Finland bado ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na lugha ya Kifini ilikuwa inapigania nafasi yake. Kuimba opera kwa Kifini ndani ya ngome ya mpakani halikuwa jambo la burudani tu. Kazi waliyofungulia ilikuwa opera iitwayo Aino, ya mtunzi Erkki Melartin, kisa kutoka utenzi wa Kalevala: msichana anayeozwa kwa mzee Väinämöinen, anakataa, anaishia majini. Fikiria kisa hicho kinaimbwa na maji yamekuzunguka pande zote.

Vita vikalikatiza tamasha, likajaribiwa tena mwaka 1930, likalala hadi 1967. Waliporudi waliimba Fidelio ya Beethoven, ambayo kisa chake kinatokea gerezani. Sidhani palihitajika mapambo mengi. Kisha akaja Martti Talvela, mwimbaji wa besi mwenye urefu wa mita mbili, akaliongoza miaka ya sabini na kulifanya liwe kitu ambacho watu wanapanda ndege kukifuata. Mwaka 1975, chini yake, Ratsumies, opera ya mtunzi wa Kifini Aulis Sallinen, ilipandishwa kwa mara ya kwanza humohumo ngomeni. Ukikuta ratiba ya mwaka wako ina opera ya Kifini, chagua hiyo kabla ya ile ya Verdi, mtunzi wa Italia, unayoijua. Verdi utamkuta popote.

Sasa mpango wenyewe. Mji una watu zaidi kidogo ya 30,000, na msimu wa tamasha wageni wanaupita kwa mbali, kwa hiyo kinachokwisha kwanza si tiketi bali vitanda. Tafuta malazi kabla hujanunua tiketi. Ziko hosteli zinazofunguliwa majira ya joto tu, safi na za bei ya kuvumilika, na ziko nyumba za watu binafsi kando ya ziwa zenye sauna. Usinunue tiketi halafu ukapanga kulala mji mwingine. Nilimfanyia mgeni hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikidhani baada ya opera patakuwa na treni. Hapakuwa na kitu. Teksi ile ilikula faida yangu yote na ya safari iliyofuata.

Wanaotoka nyumbani waombe viza ya Schengen mapema. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, bima iwe ya angalau euro 30,000, na tiketi ya opera iambatanishwe kwenye maombi pamoja na malazi. Afisa akiona tarehe ya onyesho na kitanda kilicholipiwa anaelewa unakwenda kufanya nini.

Kutoka Helsinki mimi napenda treni kuliko gari. Unapanda ile ya kuelekea Joensuu, unashuka Parikkala, unavuka kwenye treni ndogo ya kuelekea Savonlinna. Kwa jumla ni safari ya saa nne na ushee. Parikkala muda wa kubadilisha ni mfupi, kwa hiyo mizigo iwe mlangoni kabla treni haijasimama. Zawadi yake ni kipande cha Punkaharju, ambako reli inapita kati ya maji na maji, na abiria wanajikuta wamenyamaza.

Siku ya kufika usiende opera. Najua unataka. Lakini umeamka Helsinki, umebeba mabegi, na opera inayochukua muda wa saa tatu juu ya kiti kigumu itakulaza kitendo cha pili, na tiketi si rahisi. Tembea ufukweni, kula, lala. Siku ya pili mchana ingia ngomeni na ziara ya kawaida, upande minara, uone vyumba na ngazi ukiwa na viatu vya raba. Jioni unaporudi na nguo nzuri unajua unapokanyaga. Ngazi zile ni za mawe, nyembamba na hazilingani, na kuingia kisiwani unavuka daraja linaloelea. Mwenye visigino avibebe mkononi. Wenyeji wanakuja na mto wa kukalia na blanketi la miguu, na hawaoni haya. Mchana ikiwa nyuzi 22, usiku inaweza kushuka hadi kumi na kitu, na jiwe halisahau baridi. Nimeona mtu amevaa kanzu nzuri ya Lamu juu, na chini yake suruali ya sufu. Huyo alijiandaa.

Kando ya maji utaona sanamu ya kondoo dume mweusi. Hadithi husema kondoo huyo alipanda ukutani wakati wa vita, Warusi wakaona pembe, wakadhani ni shetani mwenyewe, wakakimbia.

Siku ya tatu ni ya ziwa. Saimaa ndilo ziwa kubwa kuliko yote Finland, kama kilomita za mraba 4,400, lakini ukilitazama huoni bahari kama unavyoona Nyanza. Limekatwakatwa na maelfu ya visiwa hata hujui ziwa linaishia wapi. Rudi na ile treni ndogo hadi Punkaharju, tuta jembamba la kilomita saba lililoachwa na barafu ya kale, misonobari juu, maji kulia na kushoto. Pale pia pana Lusto, jumba la makumbusho ya misitu. Mwenye gari aongeze Kerimäki, kijiji chenye kanisa la mbao lililomalizika mwaka 1847, lenye nafasi ya watu zaidi ya 3,000 kukaa. Watakuambia limekuwa kubwa hivyo kwa sababu fundi alichanganya vipimo vya inchi na sentimita. Cheka nao, lakini si kweli: Finland haikuanza kutumia mita hadi miongo kadhaa baadaye. Walitaka tu nusu ya waumini waenee kwa pamoja.

Watoto wataomba kuona sili wa Saimaa, anayeitwa norppa, aliyenaswa kwenye maji haya baada ya enzi ya barafu na ambaye hapatikani penginepo duniani. Wamepita 400 sasa, baada ya kukaribia kuisha. Usiwaahidi. Mwezi wa kuwaona vizuri ni Mei, wanapopanda juu ya mawe kubadilisha manyoya. Julai wengi wako majini. Mbu, kwa upande mwingine, naahidi. Hawana malaria, lakini hilo mguu haulijui. Na ukisikia kila muuza duka anakuita "Moi", si rais wa pili wa Kenya anayekumbukwa, ni salamu.

Siku ya nne, kama ratiba ya meli za majira ya joto inaruhusu, usirudi njia uliyojia. Panda meli ya kwenda Kuopio kupitia Heinävesi. Inakula siku nzima, inapita kwenye mifereji na milango ya maji polepole, na kutoka Kuopio kuna treni ya Helsinki. Wageni wangu wanalalamika kabla ya kupanda, si baada ya kushuka.

Nimebakiza chakula makusudi. Sokoni, kando ya maji, wanakaanga muikku, samaki mdogo mweupe aliyezidi dagaa kwa ukubwa lakini anayeliwa kwa moyo uleule, kapakwa unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, na chumvi. Asiyekula nguruwe hana wasiwasi hapo. Jirani wanauza lörtsy, chapati ya nusu mwezi iliyokunjwa na kukaangwa, binamu wa sambusa asiyejua pilipili. Ya nyama uliza kwanza ni nyama gani. Ya jemu ya tofaa haina maswali, ila ile jemu inatoka moto na inatoka ghafla.

Kijana wangu wa suti alikuwa na saa sita za kusubiri opera. Alizitumia sokoni. Jioni aliingia ngomeni kwa wakati, wa kwanza katika kundi letu, na katika kila picha tuliyopiga usiku ule, tai yake ina doa la tofaa.