Je wajua kwa nini jipu linaota ndani ya ini, alafu maumivu yanaenda kutokea begani?

Msimu wa korosho mwaka juzi mjomba wangu alishuka kutoka Tandahimba akaja kwetu Chuno, hapa Mtwara mjini, anaumwa. Homa kila jioni, usiku jasho mpaka shuka unaweza kulikamua, hamu ya kula hana. Ila yeye mwenyewe alikuwa analalamikia bega la kulia tu, anasema ni yale magunia ya korosho, sisi tukawa tunamkanda na maji ya moto. Dawa ya malaria alishanunua dukani mara 2 akameza bila kupima, homa ikashuka kidogo alafu ikarudi vilevile. Mimi nilikuja kushtuka siku nilipomwona anakohoa, yani kabla kikohozi hakijatoka mkono ulishawahi kukandamiza chini ya mbavu upande wa kulia, uso wote umekunjamana. Tukampeleka hospitali, malaria hana, wakampiga ultrasaundi, kumbe ana jipu kwenye ini.

Sa jipu la paja tunalijua, unachomwa na mwiba, uchafu unaingia, linaiva. La ini linapitia wapi wakati ngozi haina hata mkwaruzo?

Linapitia utumboni. Damu ikishatoka kwenye utumbo hairudi moyoni moja kwa moja, inakusanywa kwenye mshipa mmoja mkubwa inapelekwa kwanza kwenye ini, na karibu robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini inatokea njia hiyo. Chukulia kizuizi cha mazao barabarani, kila gari linalotoka shamba lazima lisimame likaguliwe. Kwa hiyo mdudu yeyote akifanikiwa kutoboa ukuta wa utumbo, kituo chake cha kwanza ni ini.

Na mtoboaji mkubwa kwenye nchi zetu za joto ni amiba, jina lake la kitaalamu Entamoeba histolytica, hilo neno la pili maana yake ni kuyeyusha nyama ya mwili na kweli ndo kazi yake. Anatoka kwenye kinyesi cha mtu akiwa ndani ya kifuko chenye ganda gumu, anaingia kwenye maji au chakula, mwingine anayanywa. Wengi wakimmeza hawaumwi kabisa. Wengine wanaharisha damu. Wachache anawapenya mpaka kwenye ini, na anaweza akatokea miezi mingi baada ya kunywa yale maji, wakati huo kuhara hakuna, ndo mana mtu hawezi kuhisi kama chanzo ni tumbo. Ini la wanaume anaelekea kulipenda zaidi, wanaopata jipu hili ni wanaume karibu mara 10 kuliko wanawake.

Kuna majipu mengine ya ini yanayoletwa na bakteria, hasa kwa mwenye kisukari, mwenye mawe kwenye nyongo au ambaye kidole tumbo kimeharibika. Hayo yanataka antibayotiki na mara nyingi kunyonywa usaha.

Turudi kwenye bega mana ndo lilitupoteza. Juu ya ini kuna kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na neva yake inaanzia shingoni, palepale zinapoanzia neva za ngozi ya bega. Jipu likikua upande wa juu wa ini linakisugua kiwambo, taarifa inapanda mpaka shingoni, ubongo unadhani ni bega. Na ni la kulia kwa sababu majipu haya mengi yanakaa upande wa kulia wa ini, ndo mkubwa.

La mjomba lilikuwa kubwa, daktari akaogopa lisije likapasukia kwenye mapafu au tumboni, hiyo inaua, akalinyonya na sindano ndefu huku anaangalia kwenye ultrasaundi. Nililiona bomba lenyewe. Nilitegemea usaha wa njano unaonuka, likatoka rojo la kahawia lenye wekundu, zito, kama chokoleti iliyoyeyuka juani, na harufu hamna. Daktari akasema huu kwa kweli hata siyo usaha, ni ini lenyewe lililoyeyushwa, amiba wenyewe wako pembeni kwenye kuta za shimo. Majipu madogo ya amiba hayanyonywi, dawa ya metronidazole ya siku 7 mpaka 10 inatosha, na homa huwa inaanza kukata ndani ya siku 3 hivi. Shimo ndo linachelewa, linaweza kuonekana kwenye picha miezi kadhaa na mtu ameshapona.

Kule kwa mjomba, juu kwenye uwanda wa Makonde, maji ni shida, watu wanakinga mvua ya bati kwenye kisima cha nyumbani, kikiisha unanunua maji ya dumu usiyojua yametekwa wapi. Na vile vifuko vya amiba klorini ya kawaida haiviui vizuri, maji yakichemka ndo vinakufa.

Siku ya kuruhusiwa mjomba alipewa dawa nyingine tena, akagoma, anasema mimi si nimepona. Nesi akakaa naye kitandani, akamwambia baba, ile ya kwanza imemaliza walioko kwenye ini, wale wa utumboni bado wapo, wakibaki watapanda tena na nyumbani utawagawia watoto. Mjomba akanyamaza, akauliza inamezwa kabla ya kula au baada.